Kupata Tarehe ya Maandishi Yasiyotaja Tarehe: Ezra wa Nne na Habari za Wakilindi

Maandishi mengi ya kale hayakutiwa tarehe na wale walioyaandika, na mengine yalitiwa tarehe isiyo yake. Mwenye kuyachunguza hana budi kutafuta wakati wake kwa njia nyingine, na katika njia zote iliyo imara zaidi ni ile ya kulinganisha yasemwayo ndani ya maandishi na habari za watawala ambao miaka yao imethibitishwa kwa ushahidi wa kando. Njia hii ilikuzwa sana na wanazuoni waliochunguza maandishi ya ufunuo ya Wayahudi wa kale, ambayo yalipimwa kwa orodha ya wafalme wa Kiyunani na ya Makaisari wa Rumi. Makala haya yanakusudiwa kueleza jinsi njia hiyo inavyofanya kazi katika kitabu kimoja, kile kiitwacho Ezra wa Nne, na kisha kuonyesha faida yake na mipaka yake katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Kiswahili kilichotungwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy juu ya watawala wa Usambara.

Vitabu hivi viwili vinatengana kwa nchi, kwa dini, na kwa karne kumi na nane. Kimoja ni njozi, na kingine ni tarihi ya ukoo wa kitawala. Lakini vyote viwili vinasimulia mambo ya zamani kuliko wakati wa kuandikwa kwake, na vyote viwili hupotewa na maana msomaji asipozitenga nyakati hizo mbili. Anayesoma Ezra wa Nne kana kwamba kiliandikwa Babeli katika karne ya 6 K.K. hatajua msiba unaoliliwa humo ni msiba gani. Anayesoma habari za Mbegha kana kwamba ziliandikwa Vuga katika karne ya 18 atauchukua ushahidi wa mtu wa zama za Wajerumani akaufanya kuwa ushahidi wa zama za mwasisi mwenyewe. Kosa hilo si la hesabu tu. Ni sawa na kumsikia shahidi mmoja barazani, kisha kuandika jina la mwingine.

Tarehe iliyoandikwa na tarehe ya kweli

Yafaa kuanza na mifano iliyo karibu. Reale ya Maria Theresa, iliyotumiwa sana Unguja, Pwani na Uhabeshi katika karne ya 19, ina mwaka 1780 juu yake. Huo ndio mwaka aliokufa malkia huyo. Baada ya hapo sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa zaidi ya miaka mia, na mwaka uleule ukaachwa, kwa kuwa wafanyabiashara walikuwa wakiuamini mchoro waliouzoea. Mtu akifukua reale shambani, hawezi kusema kwamba ilifukiwa mwaka 1780. Awezalo kusema ni kwamba haikufukiwa kabla ya mwaka huo. Katika lugha ya uchunguzi, amepata mpaka wa awali, wala hajapata mpaka wa mwisho.

Mfano wa pili unatoka Lushoto. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari Wilhelm II, aliyetawala tangu 1888 mpaka 1918. Waingereza waliitwaa Usambara mwaka 1916, na jina la Lushoto likashika mahali pake katika karatasi za serikali. Kwa hiyo barua ya ofisi iliyopelekwa kutoka Wilhelmstal, hata ikiwa imekatika pale palipokuwa na tarehe, ni ya zama za Wajerumani. Hapa jina la mtawala limeweka mipaka yote miwili. Hata tahajia yaweza kusaidia, maana tahajia ya Kijerumani ilirekebishwa mwaka 1901, na neno lililoandikwa Thal likawa Tal. Umbo lenye herufi h linaelekea kuwa la mapema, ingawa karani mzee aliyeshikilia desturi yake angeweza kuliandika hivyo miaka mingi baadaye.

Mfano wa tatu ni neno hela. Neno hili, ambalo Tanzania hutumiwa kwa maana ya fedha yoyote, limetoka katika Heller ya Kijerumani, sarafu iliyoanzishwa mwaka 1904 rupia ilipogawanywa sehemu 100 za jina hilo badala ya pesa 64. Hati ya Kiswahili yenye neno hela haikuandikwa kabla ya 1904 katika hali iliyo nayo sasa. Maneno hayo ya mwisho yana uzito wake. Mnakili wa mwaka 1910 aliyekuwa akinakili hati ya 1890 aliweza kuondoa pesa akaweka hela bila kukusudia udanganyifu wowote. Neno moja, basi, linaweza kuonyesha umri wa nakala bila kuonyesha umri wa utungo.

Ezra wa Nne na wakati unaodaiwa

Ezra wa Nne ni sura ya 3 mpaka ya 14 za kitabu ambacho katika Biblia kadhaa za Kiingereza huitwa Esdra wa Pili. Hakimo katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version iliyopigwa chapa mwaka 1952, lakini Wakristo wa Uhabeshi wamekihifadhi kwa Kigeezi miongoni mwa maandiko yao. Wanazuoni wengi huona kwamba kilitungwa kwa Kiebrania na kufasiriwa kwa Kiyunani. Asili ya Kiebrania imepotea, na ya Kiyunani imebaki vipande tu. Kitabu kizima kimehifadhiwa kwa Kilatini, Kisiria, Kigeezi, Kiarmenia na lugha nyingine. Tafsiri ya Kigeezi ilipigwa chapa Oxford na Richard Laurence mwaka 1820.

Msemaji katika kitabu hiki ni Ezra, naye asema kwamba yuko Babeli katika mwaka wa 30 baada ya kuangushwa kwa mji. Mji ni Yerusalemu, uliobomolewa na Wababeli mwaka 587 au 586 K.K. Kwa hesabu hiyo njozi zake ni za mwaka 557 K.K. au karibu yake. Shida yaonekana mara moja, kwa kuwa Ezra anayejulikana katika Biblia huwekwa kwa kawaida mwaka 458 K.K., yaani karibu miaka mia baada ya hapo. Tena kitabu chenyewe, kinapoeleza njozi ya tai, chasema kwamba tai huyo ni ufalme wa nne aliouona Danieli, na kwamba Danieli hakuelezwa kama anavyoelezwa Ezra. Kwa hiyo mtungaji alikuwa na kitabu cha Danieli mbele yake, na kitabu hicho, kama itakavyoelezwa, hakikukamilika kabla ya karne ya 2 K.K. Tarehe iliyoandikwa ni kama ile 1780 ya reale. Imewekwa kwa heshima ya jina kuu, na wakati wa kupigwa kwa sarafu ni mwingine.

Njozi ya tai

Ufunguo umo katika sura ya 11 na ya 12. Tai anatoka baharini, ana mbawa kumi na mbili na vichwa vitatu, na mbawa ndogo nane zinazochipuka kinyume cha zile kubwa. Mbawa zinatawala dunia moja baada ya moja kisha zinatoweka. Baadaye vichwa vinaamka. Kile cha kati, kilicho kikubwa kupita vyote, kinaitawala dunia kwa ukali, kisha kinatoweka. Vinabaki viwili, na cha kulia kinamla cha kushoto. Ndipo simba anapotoka mwituni kwa ngurumo na kumshtaki tai kwa dhuluma zake, na tai anateketea.

Tai alikuwa alama ya majeshi ya Kirumi, na hilo peke yake laelekeza Rumi. Lakini dalili iliyo nzito zaidi ni habari ya ubawa wa pili. Yasemwa kwamba mtawala wa pili atakaa muda mrefu kuliko wote, na kwamba hatatokea baada yake atakayefika hata nusu ya muda huo. Ikiwa Julius Caesar ni wa kwanza, wa pili ni Augustus. Hapa hesabu yaweza kujaribiwa. Augustus alikufa mwaka 14 B.K. Akihesabiwa tangu ushindi wake wa mwaka 31 K.K., alitawala miaka 44 hivi, na nusu yake ni 22. Tiberius aliyemfuata alitawala tangu 14 mpaka 37 B.K., yaani zaidi ya miaka 22, na maneno ya njozi yangekuwa na kasoro. Lakini akihesabiwa tangu alipokuwa konsuli mara ya kwanza, mwaka 43 K.K., Augustus alitawala miaka 56, na nusu yake ni 28, muda ambao hakuna Kaisari aliyeufikia katika karne ya 1 wala ya 2. Kwa hesabu hii maneno yanakubaliana na historia, na tena yanafunua kwamba mtungaji aliihesabu enzi ya Augustus tangu mwaka wa ukonsuli.

Vichwa vitatu huelezwa na wanazuoni wengi kuwa ni Vespasianus (69–79), na wanawe Titus (79–81) na Domitianus (81–96). Vespasianus ndiye aliyeongoza vita dhidi ya Wayahudi kabla ya kuwa Kaisari, na Titus ndiye aliyeiangusha Yerusalemu na hekalu mwaka 70. Njozi yasema kwamba kichwa kikubwa kitafia kitandani pamoja na mateso. Vespasianus alikufa kwa maradhi. Kichwa kimoja kitaliwa na mwenzake kwa upanga. Palikuwa na uvumi katika Rumi kwamba Domitianus alishiriki katika kifo cha nduguye. Na huyo aliyebaki naye ataanguka kwa upanga. Domitianus aliuawa kwa kuchomwa kisu mwezi wa Septemba mwaka 96. Mwisho njozi yataja mbawa mbili ndogo zitakazotawala kwa muda mfupi na kwa ghasia. Ukiongeza miaka 30 ya mwanzo wa kitabu juu ya mwaka wa kuangushwa kwa Yerusalemu na Warumi, badala ya Wababeli, unafika mwaka 100. Kwa sababu hizi kitabu huwekwa mwishoni mwa karne ya 1. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba kitabu cha Ezekieli nacho chaanza kwa kutaja mwaka wa 30, na huenda mtungaji aliiga mwanzo huo, hivi kwamba namba 30 isichukuliwe kuwa hesabu kamili.

Mahali panapokataa kulingana

Maelezo hayo hayamalizi kila shida. Kabla ya Vespasianus, tangu Julius Caesar, walitawala watu tisa: Julius, Augustus, Tiberius, Gaius, Claudius, Nero, Galba, Otho na Vitellius. Mbawa ni kumi na mbili. Waliotaka kuzijaza waliongeza watu waliojaribu kushika enzi au kuandaliwa urithi wakashindwa, kama Vindex, Nymphidius na Piso. Huenda ndivyo ilivyo, na huenda mtungaji alipenda hesabu ya kumi na mbili kwa ajili ya makabila ya Israeli. Mchunguzi mwema huacha mlango huo wazi. Tarehe inashikwa na ubawa wa pili na vichwa vitatu. Ikiwa mbawa nyingine tatu hazikupatiwa majina, tarehe haianguki.

Lakini vichwa vitatu vyenyewe vimepata mdai mwingine. Kaisari Septimius Severus alikufa kwa maradhi mwaka 211 huko Uingereza, akawaachia enzi wanawe wawili, Caracalla na Geta. Mwaka uleule Caracalla alimwua Geta, na mwaka 217 yeye mwenyewe akauawa. Lorenzo DiTommaso, katika uchunguzi wake wa mwaka 1999, alionyesha kwamba habari hizi zinalingana na njozi kuliko habari za Domitianus, kwa kuwa mauaji ya Geta ni jambo lililotendeka, na mauaji ya Titus ni uvumi. Kwa rai hii njozi ya tai, kwa umbo lake la sasa, ni ya mwaka 218 au karibu.

Jibu la kwanza kwa rai hiyo ni Clement wa Alexandria, aliyenukuu maneno ya Ezra wa Nne karibu na mwaka 200, kabla Severus hajafa. Jibu hilo lina nguvu, lakini yafaa kuangalia nguvu hiyo inafika wapi. Maneno aliyonukuu Clement yamo katika sura ya 5. Yanathibitisha kwamba sura ya 5 ilikuwapo wakati wake, na yaonyesha kwamba kitabu kilikuwa kimekwisha kuenea. Hayathibitishi kwamba kila neno la sura ya 11 na ya 12 lilikuwa kama lilivyo leo. Nukuu huipa tarehe sehemu iliyonukuliwa. Wanazuoni wengi bado wanakaa na karne ya 1, kwa sababu kitabu kizima kinaulizia jambo moja, nalo ni kwa nini watu walioiangusha Sayuni wanastarehe na watu wa Mungu wanateseka. Hilo ni swali la kizazi kilichoona mwaka 70. Tofauti kati ya rai hizi mbili ni ileile ya pesa na hela: je, lililo jipya ni utungo au ni nakala?

Pale utabiri unapoacha kufuata historia

Kipimo cha pili kiliwahi kutumiwa zamani sana. Porphyry, mwanafalsafa wa karne ya 3, aliona kwamba sura ya 11 ya Danieli yaeleza vita vya wafalme wa Shamu na wa Misri kwa usahihi wa mtu aliyekwisha kuviona, mpaka mateso ya Antiochus Epiphanes. Kisha yatabiri kwamba mfalme huyo atafikia mwisho wake akiwa amepiga hema kati ya bahari na mlima mtakatifu. Antiochus alikufa mwaka 164 K.K. katika nchi ya Uajemi. Mahali maneno yanapoacha kulingana na historia ndipo aliposimama mtungaji. Yaliyo nyuma yake aliyajua, na yaliyo mbele aliyatumaini. Wachunguzi wengi kwa hiyo huweka sehemu hiyo kabla kidogo ya habari za kifo cha Antiochus kufika Yerusalemu.

Kwa kipimo hikihiki, mtungaji wa Ezra wa Nne alijua kifo cha Vespasianus na cha Titus. Simba wake hakutokea, na Rumi haikuteketea. Mtu aliyeandika miaka mia baadaye angelazimika kueleza kuchelewa huko. Yeye haelezi, kwa kuwa bado anangoja.

Herufi zitumikazo kama hesabu

Kuna namna ya tatu ya kumtaja mtawala bila kumtaja, na wasomi wa Kiswahili wanaoijua hesabu ya abjadi hawatahitaji maelezo marefu. Kitabu cha tano cha Maneno ya Sibyl kinawaorodhesha Makaisari kwa hesabu ya herufi ya kwanza ya kila jina, kikianzia Julius na kufika Hadrianus na waliomfuata. Katika Ufunuo wa Yohana namba ya mnyama ni 666, na nakala chache za kale zina 616. Jina Neron Kaisari likiandikwa kwa herufi za Kiebrania lina nuni 50, re 200, wau 6, nuni 50, na qafu 100, sini 60, re 200. Jumla ni 666. Likiandikwa kwa namna ya Kilatini, Nero, nuni ya mwisho huondoka, na jumla ni 616. Thamani hizi ni zilezile za abjadi ya mashariki. Ufafanuzi mmoja unaoeleza namba mbili zinazohitilafiana una nguvu kuliko unaoeleza namba moja tu. Hata hivyo wamtaja Nero pasipo kuthibitisha kwamba kitabu ni cha enzi yake (54–68), maana baada ya kifo chake watu wengi walivumisha kwamba atarudi. Hapa tena umepatikana mpaka wa awali wa alama, na umri wa kitabu haujapatikana.

Orodha ya watawala kwa habari za Usambara

Anayechunguza maandishi ya Usambara wa karne ya 19 hana Makaisari, lakini anazo orodha mbili za kushika. Ya kwanza ni ya Masultani wa Unguja: Seyyid Said aliyekufa 1856, Majid mpaka 1870, Barghash mpaka 1888, Khalifa mpaka 1890, Ali mpaka 1893, na Hamad bin Thuwaini mpaka 1896. Barua isiyo na mwaka inayomtaja Seyyid Barghash kuwa yu hai na anatawala ni ya kati ya 1870 na 1888. Ya pili ni ya wageni walioandika siku walizofika. Ludwig Krapf, ambaye kabla ya kuja Mombasa mwaka 1844 alikaa Shoa na kukusanya miswada ya Kigeezi, alifika Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Richard Burton na John Speke walifika Februari 1857. Wote walimkuta Kimweri ya Nyumbai. Krapf aliliandika jina lake Kmeri, na Burton Kimwere, na mji wa Vuga Burton aliuandika Fuga. Tahajia hizi zinapotofautiana hivyo, mchunguzi huhakikisha kwanza kwamba ni mtu yuleyule na mahali palepale kabla ya kujenga hoja juu yake.

Ziara hizo zatoa zaidi ya zinavyodhaniwa. Burton alimwona Kimweri akiwa mzee na mgonjwa. Kwa hiyo Kimweri hakufa kabla ya Februari 1857, na ugomvi wote uliotokana na urithi wake, kati ya mjukuu wake Shekulwavu na mwanawe Semboja, ni wa baada ya hapo. Steven Feierman, katika historia yake ya ufalme wa Washambaa iliyotoka mwaka 1974, aliweka kifo hicho mwaka 1862. Masimulizi ya wazee ambayo hayana mwaka hata mmoja yanapata hivyo nguzo ya kuegemea.

Nguzo hiyo haifiki mbali sana nyuma. Tangu Kimweri kurudi kwa Mbegha hakuna mgeni aliyeandika, na mchunguzi hubaki na hesabu ya vizazi. Vizazi vitatu vikihesabiwa kwa miaka 25 ni miaka 75, na kwa miaka 35 ni miaka 105. Hitilafu ni miaka 30, nayo huongezeka kila kizazi kinapoongezwa. Tena anayehesabu kwa miaka ya mwezi mwandamo hupata miaka 33 pale mwenye kuhesabu kwa jua anapopata 32. Ndiyo sababu ya busara kusema kwamba Mbegha alikuja katika karne ya 18, na kukataa kutaja mwaka.

Habari za Wakilindi na wakati wake

Abdallah bin Hemedi alimtumikia Semboja huko Mazinde, na kitabu chake kilipigwa chapa kwa sehemu katika misheni ya Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. J. W. T. Allen alikihariri upya, na toleo lake likatoka Nairobi mwaka 1962. Wakati wa kuandikwa unajulikana, basi, na swali linalobaki ni jinsi wakati huo unavyoonekana ndani ya masimulizi.

Jambo la kwanza ni wingi wa habari. Habari za Mbegha zinakwenda kwa mwendo wa hadithi: mtoto wa Nguu aliyekuwa kigego, aliyeota meno ya juu kwanza, akanyimwa urithi, akawa mwindaji wa nguruwe, akapanda milimani na mbwa wake, na mwisho akawa mfalme Vuga. Habari za baada ya kifo cha Kimweri zimejaa majina, vijiji, ujumbe na vita. Ndivyo ilivyo katika njozi ya tai pia, ambamo mbawa nyingi zinapita kwa maneno machache na vichwa vitatu vinaelezwa kwa kirefu. Pale habari zinapokuwa nyingi ndipo mwandishi alipo karibu na mambo yenyewe.

Jambo la pili ni ishara. Kigego alihofiwa kuwa mwenye kuwaletea jamaa zake maafa, na msikilizaji wa hadithi ya Mbegha anaisikia hofu hiyo huku akijua kwamba aliyefukuzwa alikuja kuwa mwasisi wa enzi. Masimulizi yaliyopangwa hivyo yametungwa na watu waliokwisha kuona Wakilindi wamekaa imara. Hilo halimfanyi Mbegha kuwa mtu wa kubuniwa, kama vile njozi ya tai haimfanyi Vespasianus kuwa wa kubuniwa. Linaonyesha tu kwamba mpangilio wa hadithi ni wa vizazi vya baadaye.

Jambo la tatu ndilo lenye uzito mkubwa. Mwaka 1895 Semboja alikufa, na mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga Mputa aliyekuwa akitawala Vuga, na kiti kikarudi kwa Kinyashi, wa nyumba ya Shekulwavu. Kitabu kilichotoka katika miaka hiyo kilisomwa na watu ambao bado walibishana ni nyumba gani iliyokuwa na haki. Mwandishi wake alikuwa amekula chumvi ya upande mmoja. Kwa hiyo maneno yake juu ya ugomvi wa urithi ni ushahidi wa thamani kubwa, kwa sababu aliyaona, na kwa sababu hiyohiyo yanahitaji kupimwa pamoja na masimulizi ya upande wa pili. Asiyejua tarehe hawezi kujua kwamba kuna upande wa pili wa kuulizwa.

Kanuni zinazofuata

Katika hayo yote yaweza kutolewa mwongozo mfupi kwa watunza miswada. Kila hati iandikiwe tarehe tatu mbalimbali, wala zisichanganywe: ya mambo yanayosimuliwa, ya utungo, na ya nakala iliyoko mkononi. Kwa kila moja utafutwe mpaka wa awali na mpaka wa mwisho, na pasipopatikana mmoja wapo paachwe wazi. Mtawala anayetajwa kwa jina, sarafu, neno la kukopwa na nukuu katika kitabu kingine vyote ni mashahidi, lakini kila mmoja aulizwe ni tarehe ipi anayoishuhudia. Na jambo lisilolingana liandikwe pamoja na yale yanayolingana, kama mbawa tatu za tai zisizo na majina.

Katika mkusanyo wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu ulioko Dar es Salaam, ambao orodha yake iliyotengenezwa na Allen ilipigwa chapa mwaka 1970, zimo tenzi na tarihi nyingi zilizonakiliwa kutoka nakala za zamani zaidi. Mnakili mara nyingi ametia jina lake na siku aliyomaliza kazi. Siku hiyo ni yake. Siku ya mtungaji bado inangoja kutafutwa ndani ya maneno yake mwenyewe.